Huyu GP, yaani daktari wa familia wa Uingereza, ni daktari kweli, na nampataje wakati sina hata bili ya umeme?

Swali: "Shikamoo dokta. Nipo England mwaka wa pili sasa, nafanya kazi nyumba ya wazee, ni mwanamke wa miaka 43. Tangu nifike sijajiandikisha kwa GP. Mwaka jana nilienda kituo kimoja karibu na ninapokaa, mapokezi wakaniambia nilete bili yenye jina langu, na mimi nimepanga chumba tu, bili zote za mwenye nyumba, nikaondoka sikurudi. Wenzangu nao wanasema ukienda huko unapewa parasetamo basi, nikaona hata sijapoteza kitu. Dawa ananitumia dada yangu kutoka Dar, diklofenaki ya mgongo na amoksilini za akiba. Sasa wiki iliyopita kichwa kinanigonga kisogoni, nesi wa zamu akanipima presha ikasoma 162 kwa 98. Mama yetu alipata kiharusi. Kwa nini nisiende tu kwa bingwa wa moyo? Na huyo GP ni daktari kamili au ni kama afisa tabibu wetu wa zahanati?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mengi ila naanza na lile ambalo hukuliuliza vizuri, hiyo 162 kwa 98.

Presha ikipanda mara moja haimaanishi tayari una ugonjwa wa presha. Umepimwa katikati ya shifti, pengine umetoka kumgeuza mzee wa kilo 90 kitandani, kichwa kinauma na roho iko juu kwa sababu unamkumbuka mama, hapo hata mimi ingesoma juu. Lakini pia si namba ya kuachia hivi hivi. Kesho au keshokutwa ingia famasi yoyote kubwa hapo mtaani uwaambie una miaka 43 na unataka kupimwa presha, kwa England mtu wa miaka 40 kwenda juu ambaye hajawahi kuambiwa ana presha anapimwa bure kwenye famasi nyingi, hawakuulizi GP wako nani kwanza. Ikiwa juu tena wanaweza kukufunga mashine ya saa 24 uende nayo nyumbani. Na ukiona, hasa ikiwa imefika 180 kwa 120, kifua kinauma, macho yanaona ukungu, maneno hayatoki sawa, au mkono unalegea na mdomo unaenda upande, hapo hakuna famasi wala GP, piga 999, namba ya dharura.

Na zile diklofenaki ziache. Leo. Najua mgongo wa kazi ya wazee ulivyo, na najua kule kwetu diklofenaki ni kama karanga, unanunua pakiti nzima na hakuna anayekuuliza, lakini kidonge hicho kinafanya mwili ushike chumvi na maji na kinaweza kupandisha presha chenyewe, ukiongeza na hatari kwenye moyo. Huku vidonge vyake vilitolewa kwenye dawa za kujinunulia mwaka 2015, sasa mpaka uandikiwe. Kwa hiyo inawezekana kabisa sehemu ya hiyo 162 imetoka Dar kwenye bahasha ya dada yako, na yeye anakupenda tu masikini.

Unaona hapo? Mgongo, kichwa, presha, dawa za dada, kiharusi cha mama. Bingwa wa moyo ungemwambia habari ya moyo, ya mgongo ungebaki nayo mwenyewe, na diklofenaki isingetajwa labda mpaka akuulize. Kuviweka vyote hivyo meza moja ndo kazi ya GP. Ndo kazi yenyewe hasa.

Sasa je ni daktari kamili? Kamili tena sana. Anasoma udaktari miaka 5 au 6, anazungushwa wodini miaka 2, halafu anasomea u-GP wenyewe miaka 3 na mitihani yake ambayo watu wanaanguka kweli. Jumla ni miaka 10 au zaidi. Yaani u-GP ni ubingwa, tofauti ni kwamba ubingwa wake si wa kiungo, ni wa mtu mzima mzima pamoja na ukoo wake. Afisa tabibu wetu namheshimu na nimefanya naye kazi, kuna vijijini ambako yeye ndo hospitali nzima, lakini yeye ni diploma ya miaka 3. Hata nyumbani ubingwa huu upo ila ni mchanga, Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret kilianza kufundisha udaktari wa familia mwaka 2005, na Aga Khan Dar nao wanafundisha, watu wachache tu wanajua.

Ila nikutahadharishe kitu, ukipewa miadi kwenye kituo cha GP si lazima umkute GP. Siku hizi kuna nesi, kuna mfamasia wa humo humo ndani, kuna mtu wa mazoezi ya viungo, na kuna wengine wanaosaidia madaktari bila kuwa madaktari. Si vibaya, nesi wa pale kwa presha na kisukari mara nyingi anajua kuliko daktari, ila una haki ya kuuliza mwanzoni kabisa, samahani wewe ni daktari au ni nani? Uliza bila aibu. Na usishtuke mlangoni ukikuta kibao kimeandikwa Surgery, hakuna anayekupasua, wenyewe ndo wanavyoviita vituo vya GP tangu enzi za mababu zao.

Haya, tuje kwenye parasetamo, maana hili nalisikia kila wiki na najua linatoka wapi.

Sisi tumezoea hivi: unaumwa, unaenda hospitali ya binafsi, unalipa kumwona daktari, unatolewa damu, mkojo na choo, unarudi unaambiwa una malaria na yutiai na taifodi kidogo, unatundikiwa dripu, unatoka na mfuko wa dawa aina tano. Unaenda nyumbani umeridhika, unasema pale wana vipimo wale. Lakini angalia hela inavyotembea. Kile kituo kinakula kwa kila kipimo na kila sindano, kisipokupima hakipati kitu. Kwa GP wa huku hela inatembea kinyume, tangu NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huku, inaanza mwaka 1948 vituo vingi vya GP si vya serikali bali ni vya ma-GP wenyewe kwa mkataba, na sehemu kubwa ya malipo inakuja kwa kichwa, yaani kwa kuwa jina lako lipo kwenye orodha yao, uugue usiugue. Kukutoa damu kwa kawaida hakumwongezei senti. Kwa hiyo akikuambia hiki ni kirusi, kitaisha kwa siku 7, kunywa parasetamo, hapati wala hakosi kitu kwa kusema hivyo, anakuambia anachokiona.

Mimi nilianza kazi nyumbani hospitali ya wilaya, nilipofika huku mwezi wa kwanza kila mgonjwa nilikuwa namwandikia vipimo saba nane, mpaka mkubwa wangu akaniita akaniuliza taratibu, hiki kipimo kikirudi ndiyo utafanya nini na kikirudi hapana utafanya nini? Nikakuta jibu ni lile lile. Nilinyamaza kimya dokta mzima.

Lakini nisiwatetee mpaka nikadanganya. Kulipwa kwa kichwa nako kuna ubaya wake, kunaweza kumfanya mtu afanye kidogo mno, na dakika 10 za miadi ni chache, na mtu mweusi mwenye lafudhi anayesema "najisikia vibaya mwili mzima" anaweza kutolewa haraka kuliko inavyotakiwa. Kwa hiyo kabla hujanyanyuka kwenye kiti uliza swali moja, nikiona nini nirudi, na baada ya siku ngapi? Atakujibu na ataandika. Ukirudi na kile alichosema unakuwa umerudi na sababu, si usumbufu. Na tangu 2025 England kuna utaratibu kwamba mgonjwa akirudi mara ya tatu na dalili zile zile bila jibu, au zinazidi, daktari anatakiwa afikirie upya kabisa kama vile anamwona leo, kwa hiyo hesabu zako zishike mwenyewe, sema hii ni mara ya tatu.

Kuhusu kwenda kwa bingwa moja kwa moja. Kwenye NHS kwa mambo mengi huwezi, unapita kwa GP anaandika barua ya rufaa. Na kusema kweli hata kwetu sheria ndo hiyo hiyo, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda, mpaka Muhimbili, sisi tu ndo tunaruka ngazi kwa sababu shemeji anamjua mtu. Ukilipa binafsi unaweza kumwona bingwa, ila wengi bado watakuuliza barua ya GP iko wapi, na kwa presha ya kawaida utakuwa umelipa mamia ya pauni kuambiwa kitu ambacho GP anakifanya kila siku tena vizuri. Vitu ambavyo huhitaji kupita kwake vipo, ujauzito unawasiliana na wakunga mwenyewe, kliniki za magonjwa ya zinaa na uzazi wa mpango unaingia tu, macho unaenda duka la miwani, meno ni daktari wa meno, na huyo wa meno wa NHS kumpata ni kisa kingine sitaki hata kukigusa leo.

Sasa kujiandikisha, hapa ndo ulionewa.

England, kujiandikisha kwa GP hakudai bili. Hakudai pasipoti, hakudai viza, hakudai namba ya NHS. Ni bure, na kumwona GP ni bure kwa kila mtu. Kituo kinaweza kukuomba karatasi za anwani na kitambulisho, kuomba si kosa, lakini ukisema sina hakitakiwi kukukatalia kwa hilo. Sababu za kukukataa ni kama orodha yao imejaa kweli na hawapokei mtu yeyote mpya, au unakaa nje ya mipaka ya eneo lao, na wakikukataa wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yule wa mapokezi pengine hakuwa na ubaya, wengi hawajui sheria yao wenyewe, ila wewe umekaa mwaka mzima bila daktari kwa sababu ya karatasi isiyotakiwa. NHS wana kikadi kidogo kimeandikwa kwamba una haki ya kujiandikisha bila anwani wala vitambulisho, unakitoa kwenye intaneti unaonyesha, wanalainika wenyewe.

Kumtafuta aliye karibu, ingia tovuti ya NHS sehemu ya kutafuta GP, weka postikodi yako, vinakuja vituo kwa umbali na kila kimoja kinaonyesha kama kinapokea watu wapya, na vingi unajaza fomu hapo hapo kwenye simu ukiwa kitandani. Lakini usichukue cha kwanza kwa sababu tu ni hatua 200. Angalia kama kina daktari mwanamke kama hilo ni muhimu kwako, angalia namna wanavyotoa miadi, na waulize majirani, hasa mama mwenye watoto wadogo, huyo anajua kila kituo kinavyopokea simu kuliko tovuti yoyote. Usije ukajiandikisha karibu na kazi kwa sababu kazi za kea, hizi za kutunza watu, zinahama, ukihama kampuni unabaki na GP wa mji mwingine. Chagua karibu na unapolala. Na usitumie anwani ya rafiki wa London eti kule kuna Mswahili mwenzetu, barua za hospitali zitaenda kule, na miadi ya bingwa ikikupita wanaweza kukutoa kwenye foleni uanze upya.

Lugha isikukwamishe, unaruhusiwa kuomba mkalimani wa Kiswahili bure, mara nyingi anakuwa kwenye simu, sema wakati unaomba miadi si ukiwa umeshakaa. Kiingereza cha kazini unacho najua, lakini kueleza damu ya mwezi inavyotoka au namna kichwa "kinavyogonga" ni Kiingereza kingine hicho. Na tafadhali usimpeleke mtoto akutafsirie, mtoto wa miaka 11 hatakiwi kusikia habari za uvimbe wa mama yake.

Bosi wako hapati faili lako. Wengi wenye viza za kazi wanaogopa hili, wanaona wakiandikwa wana presha watarudishwa. GP hampigii mwajiri, kilicho kwenye faili ni chako. Ukiugua siku 7 au pungufu unajiandikia mwenyewe kazini, zikizidi 7 ndo unahitaji karatasi kutoka kwake, na bila kujiandikisha nani atakuandikia hiyo karatasi? Hapo ndo wenzako wengi wanaanza kumtafuta GP, siku ya nane, wakiwa wamelala.

Kupata miadi, haya ndo malalamiko ya nchi nzima hata Waingereza wenyewe wanalia. Zamani ilikuwa saa 2 kamili asubuhi unapiga simu unaambiwa wewe ni wa 34 kwenye foleni, na wewe umetoka shifti ya usiku macho yanafumba. Siku hizi tangu Oktoba 2025 vituo vya England vinatakiwa kuacha wazi fomu ya mtandaoni siku nzima ya kazi kwa mambo yasiyo ya dharura, ijaze, inawafaa sana watu wa zamu. Mapokezi wakikuuliza unaumwa nini usikasirike ukadhani ni umbea, wanapanga nani akuone na lini. Andika fupi na andika namba: presha 162 kwa 98 tarehe fulani, ya famasi ilikuwa hivi, kichwa wiki moja, mama kiharusi akiwa na miaka fulani. Ukiandika "naumwa kichwa" utapewa wiki mbili mbele, nami ningekupa wiki mbili mbele.

Ukifika, atakachofanya kwa uwezekano mkubwa ni hiki, atakupima tena, ikiwa juu ya 140 kwa 90 atakupa mashine ya saa 24 au atakuambia ujipime nyumbani asubuhi na jioni, mara mbili mbili ukiwa umekaa, kwa siku 4 mpaka 7. Wastani wa nyumbani ukifika 135 kwa 85 au zaidi hapo ndo una presha. Atapima damu ya figo, sukari na mafuta, mkojo, na kipimo cha moyo cha nyaya. Umeona, vipimo vipo, vinakuja vikiwa na kazi. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika asiye na kisukari dawa ya kuanza nayo huku kwa kawaida ni amlodipini au ndugu zake, inaweza kuvimbisha miguu kwenye vifundo, ikivimba rudi useme, usiitupe kimya kimya kama tunavyofanya halafu mwaka unaofuata tunasema presha ya kurogwa. Dawa England ni pauni 9.90 kwa kila dawa, wakati Uskoti na Wales ni bure, ukiona zako zimefika mbili kwa mwezi nunua kile cheti cha mwaka mzima cha pauni 114.50 unachukua dawa zozote.

Dawa za dada zote, pamoja na hizo amoksilini na kama kuna mitishamba, ziweke kwenye mfuko uende nazo umwonyeshe. Hatakugombeza. Akigombeza badilisha GP, inaruhusiwa, huhitaji kutoa sababu.

Kuna faida nyingine utaanza kuiona ukishaingia kwenye orodha, barua zitaanza kuja zenyewe. Kwa umri wako ya kipimo cha mlango wa kizazi ingekuwa imeshakufikia, wanaita wanawake wa miaka 25 mpaka 64, na hiyo usiichezee kwa sababu saratani hiyo ndo inaongoza kwa wanawake Tanzania. Na kuna uchunguzi wa afya wa miaka 40 mpaka 74, kila miaka mitano, ambao kazi yake ni kukamata presha kama hiyo kabla nesi wa zamu hajaikuta kwa bahati.

La mwisho halihusu presha, linahusu likizo. Ukienda nyumbani ukarudi na homa, hata iwe wiki kadhaa baada ya kurudi, usiseme una mafua. Sema sentensi ya kwanza kabisa, nimetoka Tanzania, huko kuna malaria, nataka kupimwa leo. Huku daktari anaweza kukaa miaka hajaona malaria na akilini mwake homa ni mafua, na wewe ukishakaa nje kinga ya utotoni inapungua, unaumwa kama mgeni. Kama kituo kimefungwa piga 111, namba ya ushauri ya NHS, sema hivyo hivyo. Na dawa za kuzuia uzitafute kabla ya kusafiri, ukicheka kwamba wewe ni mtoto wa Mbagala mbu wanakujua, utakuja kuniandikia tena.

Ukipata vipimo vya famasi nitumie, na niambie kituo kipya walikuuliza nini mlangoni.